Treni Ndogo za Zamani Zilizobaki Malindi: Namna ya Kuzitambua na Kuzipa Bei ya Haki

Malindi haina reli. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilishika njia ya bara, ikafika Kisumu mwaka 1901, na sisi wa pwani ya kaskazini tukabaki na jahazi, kisha na basi. Hata hivyo treni zipo mjini hapa, ila ni zile za kuchezea, zinazokaa ndani ya katoni: injini za urefu wa shibiri moja, mabehewa ya bati, vipande vya reli vilivyofungwa kwa kamba, na transfoma yenye waya uliokatika.

Nyingi zililetwa na Wataliano. Walianza kuizoea Malindi miaka ya 1960, wakati wa kituo chao cha anga cha San Marco kule Ngomeni. Setilaiti yao ya San Marco 2 ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la baharini la kituo hicho mwezi Aprili 1967. Baada ya wahandisi wakaja wenye mahoteli, na baada yao wastaafu waliojenga Casuarina, Mayungu na Watamu. Mtu anayehama kwao moja kwa moja huja na vitu vyake vya moyoni, na kwa Mtaliano wa umri ule, treni aliyonunuliwa na babake ni mojawapo. Leo wenye nyumba hizo wamezeeka, wengine wamefariki, wengine wamerudi Ulaya. Nyumba inauzwa na vilivyomo, na katoni ya treni inaangukia mikononi mwa mlinzi, mpishi au muuza samani kuukuu.

Hapo swali la kwanza huwa lile lile: hii itanipa ngapi? Naomba swali hilo uliweke kando kwanza. Bei haijulikani mpaka ijulikane ni treni gani, ya kiwanda gani, ya miaka gani, na iko katika hali gani. Asiyejua ana nini hupokea bei ya anayejua, na katoni iliyofaa kulipa karo ya muhula mzima inaondoka kwa nauli ya matatu. Kinyume chake pia kipo: mtu anashikilia plastiki ya juzi kwa miaka akiamini ni dhahabu. Mwongozo huu ni wa kuwakinga wote wawili.

Kabla ya yote: usisafishe, usipake rangi, usichomeke

Hili linawagharimu watu kuliko yote. Katoni ikifunguliwa, vumbi na kutu vinaonekana, na mkono unakimbilia sabuni ya unga, stilwulu au petroli. Baada ya saa moja injini inang'aa na imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Wakusanyaji wananunua rangi ya kiwandani, hata ikiwa imechubuka. Maandishi madogo ya dhahabu ubavuni mwa injini huwa ni karatasi nyembamba za kubandika, na hutoka kwa kitambaa chenye maji tu. Bati lililochapwa rangi likilowa, kutu huanza chini ya rangi na kuisukuma juu.

Unachoruhusiwa ni brashi laini na kavu, ya kupakia rangi au ya vipodozi, ambayo haijatumika. Toa vumbi, basi.

Kupaka rangi upya usithubutu. Na umeme usiuguse kwa sasa, nitaueleza mbele.

Jambo jingine la mapema ni afya. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, na vile visanamu vya abiria na wapagazi vya enzi hizo mara nyingi ni risasi tupu. Watoto wasivitie mdomoni, nawe unawe mikono kabla ya kugusa chakula.

Tandika meza

Tandaza shuka jeupe ili kiskurubu kikidondoka ukione. Weka rula yenye milimita, sumaku ndogo (ile ya mlango wa friji inatosha), tochi, daftari, na simu yenye kamera nzuri, kwa sababu kamera ikikuza picha ndiyo kioo chako cha kukuzia. Piga picha ya katoni kabla hujatoa kitu, kisha ya kila kitu kilipokuwa. Behewa lililotoka kwenye boksi lake lirudi kwenye boksi hilo hilo, maana ukichanganya utapata kazi ya siku nzima kuyapanga tena, na huenda usifaulu.

Pima reli

Kipimo cha kwanza ni nafasi kati ya reli mbili, kutoka ukingo wa ndani wa reli moja hadi ukingo wa ndani wa nyingine. Usipime katikati ya vichwa vya reli wala nje. Kama reli hazipo, geuza behewa upime kati ya migongo ya magurudumu. Utapata pungufu kidogo ya kipimo cha reli, nawe uongeze milimita moja au mbili kwa treni ndogo, na zaidi ya hapo kwa zile kubwa.

Ukipata milimita 45, una treni kubwa ya zamani ya kipimo kinachoitwa namba 1, au treni ya bustani ya LGB ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1968. Hizi mbili hazifanani: ya kwanza ni bati na chuma, ya pili ni plastiki nene. Milimita 32 ni kipimo O, kipimo cha treni za bati zinazoendeshwa kwa kamani ya kuzungushwa kwa ufunguo, kilichotawala kabla ya Vita vya Pili. Milimita 16.5 ndiyo utakayoikuta mara nyingi zaidi, nayo inabeba familia mbili: HO ya bara la Ulaya na Marekani, ambayo ni moja kwa 87 ya treni halisi, na OO ya Kiingereza, ambayo ni moja kwa 76. Ndiyo sababu behewa la Kiingereza huonekana nene likisimama kando ya la Kijerumani ilhali wanatumia reli moja. Milimita 12 ni TT, 9 ni N, na 6.5 ni Z, ambayo Märklin waliitoa mwaka 1972.

Kisha tazama katikati ya reli. Kama kuna reli ya tatu, una kitu cha kuchunguza kwa makini: huenda ni Lionel ya Marekani, au Hornby Dublo ya Uingereza ya kabla ya 1959, mwaka ambao Dublo walianza kutoa reli mbili. Kama badala ya reli ya tatu kuna vichwa vidogo vya chuma kwenye mataruma, kimoja kimoja katikati, hiyo ni Märklin. Injini yake ina kitelezi kirefu cha chuma tumboni kinachoviparaza.

Sumaku inasema nini

Gusisha sumaku kwenye mwili wa injini. Ikinasa, ni bati la chuma. Isiponasa na injini ni nzito, ni madini ya kumimina yenye zinki, au ni shaba. Isiponasa na ni nyepesi, ni plastiki. Fanya hivyo kwa reli pia: reli za chuma zinanasa, za shaba hazinasi. Andika kila jibu, kwa sababu mnunuzi wa mbali atakuuliza, na ukimjibu bila kusita ataelewa kwamba hazungumzi na mtu wa kubabaishwa.

Soma maandishi yote, hasa ya tumboni

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii, na hapa usiharakishe. Geuza injini polepole juu ya taulo, mulika tochi kwa upande ili maandishi yaliyochongwa yatoe kivuli, kisha piga picha.

Jina la nchi linakupa miaka. "Made in US-Zone Germany" ni la miaka michache tu baada ya vita, Ujerumani ilipokuwa imegawanywa na majeshi. "Western Germany" ni baada ya 1949 hadi nchi ilipoungana mwaka 1990. Herufi DRGM ni za usajili wa Kijerumani wa enzi ya zamani, na ukiziona kwenye bati jua unashika kitu chenye umri. "Occupied Japan" ni kati ya 1945 na 1952. Ukiona "China" chini ya jina la Rivarossi au Hornby, hiyo si ya zamani, hata kama boksi limechorwa kizee.

Herufi za ubavuni ni za shirika la reli lililoigwa, nazo zina tarehe zake. Uingereza ilikuwa na makampuni makubwa manne kuanzia 1923: GWR, LMS, LNER na SR. Mwaka 1948 yote yakataifishwa kuwa British Railways. Kwa hiyo behewa lenye maandishi ya British Railways haliwezi kuwa la kabla ya vita, hata muuzaji aape. Lakini tahadhari: kinyume chake si kweli. Viwanda viliendelea kutengeneza rangi za LMS na LNER miaka mingi baadaye kwa sababu watu walizipenda, kwa hiyo herufi za zamani peke yake hazithibitishi uzee. FS ni reli za serikali ya Italia, SNCF ni za Ufaransa tangu 1938, DB ni za Ujerumani Magharibi tangu 1949, na SBB CFF FFS ni za Uswisi, zilizoandikwa kwa lugha zao tatu.

Ukikuta herufi EAR au EAR&H, tulia. Hilo ni Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948. Modeli yenye herufi hizo yaelekea ilitengenezwa au kupakwa kwa mkono na mtu aliyezipenda reli zetu, pengine mfanyakazi wa reli mwenyewe. Ilinganishe na picha za injini halisi, hasa zile Garratt (injini ndefu za mvuke zenye seti mbili za magurudumu) za daraja la 59 zilizojengwa na Beyer Peacock wa Manchester, jumla 34, ambazo zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kupita zote kwenye reli za mita moja. Mojawapo, namba 5918 Mount Gelai, imesimama kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi. Kitu cha namna hiyo usikiuze kwa mtu wa kwanza. Wapelekee makumbusho picha kwanza.

Viwanda utakavyovikuta huku kwetu

Lima ndiyo nyingi. Kilikuwa kiwanda cha upande wa Vicenza, na kiliuza treni za bei nafuu dunia nzima hadi kilipokufa mwaka 2004. Jina limechongwa tumboni, mwili ni plastiki inayong'aa kidogo, vishikio vya milango vimemiminwa pamoja na mwili badala ya kuwa waya wa kubandikwa, na ukifungua injini za miaka ya 1970 na 1980 utakuta mota bapa ya duara upande mmoja wa bogi, yaani fremu inayoshika magurudumu. Lima walitengeneza reli za nchi nyingi, pamoja na Afrika Kusini, na zile zenye herufi SAR-SAS zina wapenzi wake huko. Mbali na hizo, Lima ya kawaida bila boksi haina bei kubwa. Nasema wazi ili mtu asikae na matumaini hewa: mara nyingi gharama ya kuituma Ulaya inaipita bei yake.

Rivarossi ni habari nyingine. Hawa wa Como walianza mwaka 1945, na kazi yao ya zamani ni ya mikono yenye subira. Weka Rivarossi na Lima kando kwa kando, umulike tochi. Kwenye Rivarossi utaona mabomba ya mvuke yaliyotenganishwa na mwili, ngazi nyembamba, fito za magurudumu zenye viungo vinavyocheza kila kimoja kwa nafasi yake, na maandishi madogo sana ambayo bado yanasomeka. Treni zao za Kitaliano za zamani zilitengenezwa kwa kipimo cha moja kwa 80, kwa hiyo ni kubwa kidogo kuliko HO nyingine, na kingo za magurudumu yake ni ndefu. Wasiojua huona hiyo ni kasoro. Kwa mjuzi ni dalili ya kazi ya miaka ile. Rivarossi ya miaka ya 1950 yenye boksi lake ni ya kutafutiwa mnunuzi makini.

Märklin wa Göppingen, waliokuwepo tangu 1859, ndio wenye jina kubwa kuliko wote. Treni zao za milimita 16.5 zilianza 1935. Kabla ya 1957 injini zao zilikuwa na majina ya herufi na tarakimu, kama RS 800 au TM 800. Baadaye zikawa tarakimu nne zinazoanzia 3000. Namba hiyo ukiipata, nusu ya kazi imekwisha. Märklin ya miaka ya 1960 ni imara na ilitoka kwa wingi, bei yake ni ya wastani. Märklin kubwa ya bati ya kabla ya Vita vya Kwanza, au ya jirani zao Bing wa Nuremberg, ni suala la maelfu ya pauni kwenye minada.

Hornby ni ya Waingereza. Frank Hornby wa Liverpool alitoa treni zake za kwanza mwaka 1920, za bati na ufunguo. Hornby Dublo ikaja 1938, ikiwa na mwili wa kumimina, nzito mkononi. Mwaka 1964 kampuni ikanunuliwa na wenye Tri-ang, treni nyingine za Kiingereza za kuchezea, na hapo majina yanakuwa ngazi ya tarehe: Tri-ang Railways ni ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, Tri-ang Hornby ni kuanzia 1965, Hornby Railways ni kuanzia 1972. Pia ipo Wrenn, iliyotumia kalibu za Dublo baada ya Dublo kufa. Sura ni ile ile, kwa hiyo soma tumboni na kwenye boksi kabla hujasema una Dublo.

Lionel ya New York utaikuta kwa nadra. Ina reli tatu, ni kubwa, na kiungio cha behewa kinakupa tarehe: kile cha umbo la ngumi mbili zinazoshikana ni cha baada ya vita, tangu 1945. Cha kabla ya vita ni kifungo cha bati kinachonasa.

Ugonjwa wa zinki, na hewa yetu ya bahari

Mama mmoja wa mtaa wa Barani, aliyempikia Mtaliano miaka mingi, aliniletea katoni aliyoachiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie. Kuna mtu ameniambia atanipa elfu mbili kwa zote, nami sijampa jibu."

"Umefanya vyema kungoja. Tutazame moja moja."

Tulizitandaza. Lima sita, za kawaida. Injini moja ya Kiingereza ya kipimo O, nyeusi, nzuri kwa mbali. Nilipoinua, ukingo wa gurudumu ukabaki mezani kama kipande cha biskuti. Chini ya magazeti, kibehewa kimoja cha Märklin chenye muhuri wa US-Zone, rangi nzima, boksi limevunjika pembe mbili. Yule mtu wa elfu mbili alikuwa amekiona. Kibehewa hicho ndicho alichokuwa anakinunua, na zile nyingine alikuwa anazichukua tu.

Lile gurudumu lilikuwa na ugonjwa wa zinki. Madini ya kumimina ya miaka ya 1920 na 1930 mara nyingi yalichanganyika na risasi kidogo kiwandani. Uchafu huo hukaa kati ya chembe za madini, na unyevu pamoja na joto huusukuma polepole mpaka madini yanavimba, yanapinda, yanapasuka na kumeguka. Hakuna dawa. Gundi haishiki, rangi haizuii. Faraja ni kwamba hauambukizi: injini mgonjwa haiwezi kuiua ya jirani yake.

Dalili zake ni nyufa nyembamba zinazopita pande zote kama utando, mwili uliojipinda katikati ukiuweka juu ya kioo bapa, na magurudumu yanayogoma kuzunguka kwa sababu yamevimba yakabana ekseli. Usiyalazimishe. Kwa sisi tunaoishi na joto la mwaka mzima na chumvi hewani, kila kitu cha kumimina cha kabla ya vita kichunguzwe hivi kabla ya kutajwa bei, na mnunuzi aambiwe ukweli pamoja na picha.

Kwa uhifadhi, toa treni kwenye stoo ya chini na kwenye chumba kinachotazama bahari. Kabati la ndani, juu, ndani ya boksi la karatasi lisilobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na simu. Usifunge kwenye mfuko wa plastiki uliokazwa, maana unyevu ulioingia nao hautoki. Mchele usitumie, huleta wadudu na vumbi. Gazeti nalo lisiguse rangi wala boksi, wino wake huhama.

Boksi na karatasi

Watu hutupa boksi. Naomba tuache. Treni moja ikiwa na boksi lake la kiwandani, kadi za ndani na karatasi ya maelezo, inaweza kuuzwa mara mbili ya ile isiyo nalo, wakati mwingine zaidi, kwa sababu boksi ndilo lililopotea kwanza kila nyumba. Hata boksi lililochanika halitengenezwi kwa selotepu. Selotepu huacha doa la manjano lisilotoka. Linyooshe, liweke hivyo hivyo.

Soma karatasi za maelezo pembeni kabisa, chini. Karatasi za Meccano, kampuni iliyotengeneza Hornby, zina tarakimu ndogo za mchapishaji, na humo mara nyingi kuna mwezi na mwaka.

Kwa kuwa boksi lina bei, watu huchapisha mapya. Hapa kuna kipimo kilichopo tayari mjini: ile taa ya zambarau ya kukagua noti bandia, iliyo kwa wabadilisha fedha na maduka makubwa. Karatasi nyingi za kuanzia miaka ya 1950 zina kemikali ya kung'arisha weupe, nazo hutoa mwanga wa buluu chini ya taa hiyo. Boksi linalodaiwa kuwa la 1938 likiwaka buluu, madai hayo yana shida. Lisipowaka, hiyo si hati ya uhalali bado, ila umevuka kizuizi kimoja.

Umeme

Transfoma ya zamani iliyokaa pwani miaka thelathini isichomekwe ukutani kamwe mpaka fundi ameifungua. Mpira wa waya umekuwa unga, na mwili wa bati unaweza kubeba umeme wote wa ukutani. Zaidi ya hapo, umeme wetu ni volti 240. Transfoma za Lionel ni za volti 110 hadi 120 na zitaungua papo hapo. Za Kitaliano za zamani zina kibadilisho cha 125, 160 na 220, kwa sababu Italia ilikuwa na umeme wa namna nyingi, na huwezi kujua mwenyewe alikiacha kwenye namba gani.

Injini nazo hazili umeme mmoja. Rivarossi, Lima, Tri-ang na Dublo zinatumia volti 12 za mkondo mnyoofu, yaani umeme wa namna ya betri. Märklin ya zamani inatumia mkondo geu wa volti kama 16. Ukiiweka Rivarossi kwenye transfoma ya Märklin itatetemeka na kuungua. Njia salama ya kujaribu injini ya volti 12 ni betri ndogo ya volti 9 na nyaya mbili, uziguse kwenye magurudumu ya kushoto na kulia kwa sekunde moja, baada ya kuzungusha magurudumu kwa kidole na kuona hayajakwama. Yenye reli ya tatu, waya mmoja unagusa gurudumu na wa pili unagusa kile kitelezi cha katikati tumboni. Injini ya ufunguo, zungusha kamani mara mbili tatu tu. Kamani iliyokaza kwa miaka ikikatika, inakata na kidole.

Sasa bei

Ukiwa na jina la kiwanda, namba, kipimo, miaka na hali, ndipo ufungue intaneti. Kwenye eBay usitazame bei zinazoombwa. Chuja uone vilivyouzwa tayari. Mtu anaweza kuomba pauni 500 miaka mitatu bila kupata hata 50. Fuatilia pia matokeo ya minada ya vitu vya kuchezea, kama ya Vectis ya Uingereza, ambayo huonyesha picha na bei iliyofikiwa. Kusanya mauzo kadhaa ya kitu kile kile, chenye hali ile ile, uondoe ya juu kabisa na ya chini kabisa. Katikati ndiyo bei yako.

Hali uiseme kwa ukali, kana kwamba wewe ndiwe mnunuzi. Kukosekana kwa bafa moja (kile kizuizi cha mgongano cha mbele au nyuma), tenda (kibehewa cha makaa kinachofuata injini) isiyo yake, magurudumu yaliyobadilishwa, rangi iliyoguswa hata sehemu ndogo, kila kimoja kinashusha bei, na kukificha kunakurudishia mzigo kwa gharama yako. Ukiwa na swali gumu kuhusu Hornby, ipo Hornby Railway Collectors' Association. Kwa Lionel ipo Train Collectors Association ya Marekani. Picha nzuri za tumboni, ubavuni na za boksi huvuta majibu haraka kuliko maelezo marefu.

Halafu fanya hesabu ya kinachobaki. Tuseme kitu kinauzwa pauni 80 mnadani. Nyumba ya mnada inakata ada yake, usafirishaji kutoka Malindi hadi Nairobi na kwenda nje unakata wake, na benki inakata wa kubadilisha fedha. Kikibaki chini ya nusu, tafuta mnunuzi wa karibu. Hapa Malindi msimu una maana kubwa: Wataliano wanaojaza nyumba Desemba hadi Machi, na tena Julai na Agosti, wengi ni wa umri ule ule wa Rivarossi, na mzee anayekutana na treni ya utotoni mwake mkononi hahitaji kushawishiwa. Mwezi wa Mei utauza kwa madalali tu, na kwa bei yao.

Usiuze katoni nzima kwa bei moja. Toa vyenye thamani kwanza, kimoja kimoja, kisha zile Lima za kawaida zipeleke pamoja.

Karatasi ya umiliki, kisha kufunga

Ulichoachiwa na mwajiri, kiwe na maandishi. Barua fupi yenye jina lake, jina lako, orodha ya vitu, tarehe na sahihi, na ikiwezekana shahidi wa jirani. Kama mwajiri amesharudi kwao, ujumbe wa simu au barua pepe inayotaja vitu hivyo inasaidia. Uihifadhi na uichapishe. Wapo watu wema wameitwa kituoni kueleza walikopata kitu walichopewa kwa mkono mkunjufu, na wapo wanunuzi wa heshima ambao hawatagusa mzigo usio na maelezo ya ulikotoka. Familia ya marehemu nayo iulizwe kabla, hata kama funguo za nyumba unazo wewe.

Wakati wa kufunga, tenganisha injini na tenda. Injini ya Dublo au Märklin ni nzito kiasi cha kuvunja mabehewa ya plastiki safarini, kwa hiyo ifunge peke yake, kwa karatasi laini nyeupe kwanza, kisha plastiki ya mapovu, na iwe chini. Boksi la kiwandani lisibebe uzito: lifungwe tupu ndani ya jingine gumu, na treni iwekwe kando yake. Acha nafasi ya vidole viwili kila upande wa katoni, uijaze ili kitu kisicheze ukiitikisa. Transfoma isisafiri pamoja na treni, na kama ni ile iliyooza waya, usiitume kabisa.

Piga picha ya kila hatua ya kufunga, na ya katoni iliyofungwa ikiwa kwenye mizani, kabla hujaikabidhi kaunta.